Ukaguzi wa Duka la Mama Makreti

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na mbele ya mashahidi wawili waliojificha nyuma ya uzio wa kiwanja cha mpira, natangaza rasmi kwamba likizo hii nilifanya Ukaguzi Mkuu wa mtaa wetu, kuona kama mtu wa chini ya miaka kumi na minane bado anaweza kupata bia. Matokeo: hawezi. Mkaguzi alirudishwa nyumbani ameshikwa mkono kama mtoto wa chekechea.

Zamani mtaani kwetu mtu mzima akisikia kiu alimtuma mtoto. Utumwe soda, utumwe bia, kutumwa ni kutumwa, na mtoto mwenye adabu hakatai. Babu alimtuma sana kaka yangu. Kwa kuwa opena ya nyumbani ilishapotea, chupa ilifunguliwa dukani, na njiani kaka akawa analamba povu. Kutoka kwenye povu akahamia kwenye funda, na kutoka kwenye funda akaishia kulala mtaroni siku ya mtihani. Shule ikamfukuza.

Ndipo wazazi, walimu na wenye maduka wakakutana katika ukumbi wa shule ya msingi. Walikubaliana jambo moja: mtu mzima ajinunulie mwenyewe, na mwenye duka asimpe mtoto hata akisema katumwa na nani. Wa kwanza kusimama alikuwa Babu. Sisi tulizoea hotuba zake, tukajiandaa kusinzia. Alisema tu, "Mimi ndiye niliyekuwa namtuma," akaketi. Tangu siku ile hajamtuma mtoto, na nyumbani, bila kumtangazia yeyote isipokuwa Bibi, aliacha kunywa kabisa. Bibi, aliyekuwa amehamia chumba cha nyuma kwa hasira, akarudi. Kaka naye amerudi darasani, anasoma na watoto wanaomfikia kifuani, na kila asubuhi anayempigia pasi shati ni Babu.

Nashukuru kwa hayo yote, kwa dhati. Lakini mkaguzi hashukuru kabla ya kukagua.

Basi alasiri moja, Babu akikoroma kwenye kiti chake, niliazima simu yake. Bwenini kwetu mimi ni bingwa wa kuiga sauti. Niliwahi kumwiga mwalimu wa zamu hadi bweni zima likapanga mstari uani na kuanza kuhesabiana. Sauti ya Babu ni rahisi: unakohoa kidogo, kisha unaongea kana kwamba una kokoto mdomoni. Nikampigia Mama Makreti, mwenye duka la vinywaji pale kona, nikaagiza: "Bia moja kubwa, mjukuu wangu anakuja kuichukua."

Nilimkuta anapanga chupa tupu. Hakuinua hata kichwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kwa ile simu ya babu yako?"

"Ndiyo. Kaniambia niwahi."

"Ungewahi kukua kwanza. Sikupi."

"Lakini shangazi, ni mzee. Mguu unamsumbua."

"Ndilo nililokuwa nalifikiria hilo." Akatoa chupa kwenye friji, akaizungushia gazeti, akafunga duka kwa kufuli. "Siku hizi hanunui kwangu, nikadhani kapata duka jingine. Leo kanikumbuka, nitampelekea mwenyewe. Twende."

Katika mipango yangu yote nilisahau kwamba mwenye duka naye ana miguu.

"Usijisumbue, shangazi, amelala."

"Nitamwamsha."

"Nadhani alisema atatoka."

"Na mguu huo? Atatokaje, kwa mbawa?" Akanishika mkono. Tulipopita kiwanjani niliona vichwa viwili vikizama nyuma ya uzio.

Sebuleni Bibi alikuwa anachambua mchele, na Babu, ameshaamka, anapapasa chini ya mto akitafuta simu. Mama Makreti aliiweka chupa mezani kwa heshima zote.

"Mzee, mtoto sikumpa. Tulikubaliana ukumbini. Ila umeagiza, nami nimekuletea."

Mikono ya Bibi ikatulia juu ya ungo. Alimgeukia Babu.

"Umemtuma," alisema kwa sauti ya chini. "Baada ya yale ya kaka yake, umemtuma na huyu."

Babu aliitazama chupa. Akanitazama mimi. Akauona mfuko wangu, simu yake imechungulia nje. Mguu wa mzee ni mzito, akili yake si nzito. Nikasubiri aninyooshee kidole. Badala yake alimtazama Bibi.

"Ndiyo," akasema. "Nimepiga mimi."

Bibi akaweka ungo chini, akainuka. Nilijua anakoelekea. Chumba cha nyuma bado kina kitanda.

Mama Makreti alichanganyikiwa. "Jamani, mama, usimkasirikie hivyo. Mbona aliomba kwa adabu? Alisema 'tafadhali'. Na mwishoni akaniambia, 'Nashukuru kwa ushirikiano wako.'"

Bibi akasimama mlangoni. "Nani alisema tafadhali?"

"Mzee hapa."

"Huyu?" Bibi akageuka. "Huyu hata kuniposa hakusema tafadhali. Aliniambia, 'Nimeshaongea na baba yako, funga mizigo.'"

"Na si ulifunga," Babu akanung'unika.

Hakuna aliyecheka. Wote watatu walikuwa wananitazama mimi. Katika nyumba ile ni mtu mmoja tu aliyepelekwa bwenini akajifunze kumshukuru binadamu mwenzake kwa ushirikiano.

"Ulikuwa ukaguzi," nikasema. "Nilitaka kuhakikisha kwamba makubaliano ya ukumbini yanatekelezwa ipasavyo na..."

"Na angekupa," Bibi akauliza, "ungeipeleka wapi?"

Swali lile halikuwa na kona ya kujificha. Niliitoa simu, nikamwekea Babu mapajani.

"Nyuma ya kiwanja," nikasema. "Tungeinywa, mimi na wenzangu. Hapakuwa na ukaguzi wowote. Babu hakunituma, Bibi. Tangu siku ya ukumbi hajanituma hata maji ya kunywa, anajikokota mwenyewe mpaka jikoni. Simu niliichukua mimi, sauti niliiga mimi. Na aliposema ni yeye, nikanyamaza nikamwacha aseme. Shangazi, asante kwa kuninyima. Babu..." Hapo maneno yote ya bwenini yakaniishia. "Babu, niliogopa utasema ni mimi. Na wewe ukakataa kusema."