Mahali pa Kuzaliwa

Siku ya tatu walifika shuleni kabla jua halijachomoza, na bado walikuta foleni imekwisha kuzunguka kona ya ukuta. Ilikuwa Oktoba, mwaka wa nne tangu Wamalagasi wapandishe bendera yao mpya, na joto la mji wa Mahajanga halikusubiri mchana. Fatouma alijitanda kanga yake ya shiromani mpaka usoni. Binti yake Kouraichia alikuwa amekanyaga visigino vya viatu vyake, kwa sababu viatu vyenyewe vilikuwa vya binti wa jirani huko kijijini kwao Ambanoro na vilimbana tangu melini.

Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili. Katika mtihani wa kuingia sekondari alikuwa wa kwanza katika kisiwa kizima cha Nosy Be. Ramose, mwalimu wake, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kuleta habari hiyo, akala vitumbua vitano, akaeleza kwamba wa kwanza hupewa kitanda cha bweni Mahajanga, na serikali humlisha bure miaka minne. Bila kitanda hicho hakuna shule. Boinali, baba wa mtoto, alikuwa kibarua wa kuchochea moto katika kiwanda cha sukari, na kibarua hasomeshi mtu ng'ambo ya maji.

Saa nne waliingia ofisini. Karani alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi hadi kwenye mikono. Alisema Kimalagasi cha mji mkuu, polepole, kama anayemsemesha kiziwi.

"Nyinyi tena. Juzi nilikwambia nini, mama?"

"Uliniambia niende kwa Wafaransa, bwana. Jana nimekwenda."

"Wakasemaje?"

Fatouma alimtazama bintiye. Kule ubalozini alikuwa ameelewa neno moja moja tu.

"Walisema Ngazidja bado ni yao, kwa hiyo cheti changu ni safi, mimi ni Mfaransa," Kouraichia alisema. "Lakini wao husomesha watoto wanaoishi Ngazidja. Mimi naishi hapa, kwa hiyo nisomeshwe na hapa."

Karani akacheka kidogo, na hakucheka kwa ubaya. Akakifungua kile cheti juu ya meza, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Kazaliwa Mitsamiouli, Ngazidja. Vitanda ni vya raia, mama. Huyu ni mgeni."

"Nimemleta ana siku hamsini. Hajarudi huko hata siku moja. Maji ya huko hayajui, bwana."

"Kwani Nosy Be hakuna hospitali?"

"Ipo."

"Sasa kwa nini ukavuka bahari yote ile na tumbo lako?"

Kwao Fatouma, huko Ngazidja, mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama mzaa mama, kwa maana nyumba ni ya wanawake, na mwanamke anayejifungulia chumba cha kupanga ni kama hana kwao. Alisafiri mimba ina miezi saba, juu ya sitaha, akitapika mpaka nyongo. Ambanoro yote ilimsifu. Alipofika, mama yake alimpokea kwa uvumba na kilio cha furaha, na mtoto alipotoka wa kike bibi yake alimnyanyua akamwonyesha kuta za nyumba, kwamba hizi ni zako. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wahenga walisema. Fatouma aliifunga kamba ya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa heshima zote.

"Ndiyo desturi yetu," alisema.

"Desturi," karani alirudia. Akatazama mlangoni, kisha akainama mbele. "Sikiliza. Wenzenu wengi huenda mahakamani. Mashahidi wawili wanaapa kwamba mtoto kazaliwa Nosy Be, hakimu anatoa cheti kipya. Imekwisha. Raia."

Shahidi wa kwanza Fatouma alikwisha kumpata kichwani, shemeji yake Hassane, mtu asiyemnyima kitu. Dhambi ya kiapo angeibeba yeye.

"Na mtihani wangu?" Kouraichia aliuliza.

"Mtihani umefanywa na mtoto wa Mitsamiouli. Mwenye cheti kipya atafanya wake mwakani."

"Mwakani nitakuwa na miaka kumi na mitatu. Ramose alisema mwisho ni kumi na miwili."

Karani alikikunja cheti taratibu, akakirudisha upande wao wa meza.

"Kitanda chake atapewa nani?" Fatouma aliuliza.

"Wa pili."

"Wa pili ni mtoto wa daktari," Kouraichia alisema. "Baba yake ana nyumba hapa hapa Mahajanga."

"Ni raia," karani alisema, akaita anayefuata.

Nje jua lilikuwa limekwisha kuukausha uwanja. Fatouma aliegemea ukuta. Alitaka kumwomba mtoto radhi, na aliona haya, kwa sababu alichotaka kumwombea radhi ndicho kitu pekee maishani mwake alichokifanya kama ilivyotakiwa. Kouraichia hakulia. Afadhali angelia.

Mwanamke mmoja kutoka Belobaka, mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akamvuta Kouraichia mkono.

"Mdogo wangu, wewe umetoka ndani. Karatasi ile ukutani inasema nini?"

Ilikuwa kwa Kifaransa. Kouraichia akaisoma kwa sauti, kisha akaieleza kwa Kimalagasi, jambo baada ya jambo. Watu wakajongea. Mzee mmoja akampa fomu yake na kalamu. Mwingine akampa yake. Alijaza ya kwanza kwa kuiegemeza ukutani, na ya pili vivyo hivyo. Karani alitoka kuona kelele ni za nini, akazichukua zile fomu mbili, akazisoma juu mpaka chini, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na kiti na ubao wa kuandikia.

"Mkalishe kivulini," alimwambia Fatouma, safari hii kwa upole kabisa. "Hana kosa hata moja. Kesho pia aje, watu ni wengi mno."

Kouraichia alikuwa amekwisha kukaa. Alivua viatu, akaweka ubao magotini. Mama wa Belobaka alipiga magoti kando yake.

"Jina la mtoto?"

"Youssouf."

"Kazaliwa wapi?"

"Hapa hapa Mahajanga. Andika vizuri, mdogo wangu, usije ukaniharibia mtoto."

Kouraichia akaandika. Alipuliza wino ukauke, akamrudishia fomu, kisha akanyoosha mkono kupokea ya mtu mwingine.