Kijiji Kilichopewa Sifuri

"Tazama, Wenceslaus. Pembe ya mwisho ndiyo jibu."

Bwana Pryce aliisukuma rula juu ya karatasi ya miraba, taratibu, imelala mshazari. Alikuwa kijana wa Kiingereza mwenye masikio mekundu, na hesabu hii mpya aliipenda kama wenzake walivyopenda mbwa. Petroli ina kikomo, alieleza. Malori yana kikomo. Siku zilizobaki kabla ya mvua nazo zina kikomo. Kila kikomo ni mstari, na mistari ikikutana inafanya ua. Lolote unaloweza kulitenda limo ndani ya ua huo. Sasa ilaze rula kwa kadiri ya midomo inayosubiri chakula kila kijiji, uisukume mpaka iguse pembe iliyo mbali kuliko zote. Hapo ndipo mahindi yatakapowafaa watu wengi zaidi.

Rula ilisimama. Safari zote kwenda Magulya. Safari za Itundwe, sifuri.

Wenceslaus, karani wa bohari ya chakula hapo Tabora, aliikodolea macho ile sifuri. Itundwe ndiko alikoolewa dada yake, Tekla.

"Ni mbali, na watu wake wachache," alisema Bwana Pryce kwa upole. "Pole. Mvua zikiisha tutawapelekea."

Mvua zikiisha! Mwaka ule wa njaa watu walikuwa wanachemsha mizizi, na mvua ikishaanza, mbuga yote ya kule hugeuka tope jeusi lisilopitika. Mvua zikiisha, chakula kingepelekwa kwa nani?

Aliinua macho kuelekea mlangoni, na yule mtu alikuwapo tena.

Aliketi kizingitini mchana kweupe, mguu mmoja umevimba, bega limeota sugu nene kama kwato. Wachukuzi walimpita na magunia yao bila kumkwepa wala kumgusa. Wenceslaus alimjua, ingawa hakuwahi kukutana naye akiwa hai. Babu yake alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani, na mdogo wake babu, Kashindye, aliugua mguu njiani. Mkuu wa msafara akapima: unga unaisha, maji yako mbali, pembe zinataka mabega. Wakamwacha kichakani na kibuyu cha maji, na pembe yake akafungiwa mwingine. Babu aliishi akazeeka, na hakuwahi kumlaumu mkuu yule. "Hesabu yake ilikuwa sawa," alikuwa akisema. "Ndiyo maana silali."

Wenceslaus aliogopa. Kilichomtisha zaidi si mguu ule, bali kwamba Kashindye hakumtazama kwa chuki. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu aliyeahidiwa.

Na takwimu za Itundwe aliziandika Wenceslaus mwenyewe. Alizunguka vijijini akiwauliza majumbe wako wangapi, lakini huko kwao mbuzi huhesabiwa, majembe huhesabiwa, binadamu hahesabiwi; anayetaja idadi ya watoto wa mtu ni kama anawaonyeshea mauti kwa kidole. Kwa hiyo jumbe wa Itundwe alitaja mafiga, yaani meko yanayowaka kijijini. Wenceslaus alielewa, na akaona haya kumdadisi mzee wa watu. Hata yeye, pamoja na shule yake ya misheni na rozari mfukoni, hakuwahi kutamka wanawe ni wangapi. Aliandika alivyoambiwa, na Bwana Pryce, ambaye hakuna aliyemweleza, alisoma meko akidhani ni watu.

"Bwana, tarakimu ile si ya watu."

Bwana Pryce alisikiliza mpaka mwisho. Masikio yalimzidi wekundu. "Basi nipe ya watu. Rula haina ugomvi na Itundwe. Lakini siwezi kuweka kisio."

Mungu si Athumani. Mchana ule ule Tekla mwenyewe aliingia uani, miguu imejaa vumbi, mgongoni hana mtoto. Alikuja kujua kwa nini malori hayaonekani.

"Tekla, nataka kujua mko wangapi."

"Tupo, kaka. Mungu anasaidia."

"Wangapi, dada yangu? Watu, si meko."

Tekla alirudi nyuma kana kwamba kaka yake amemwinulia mkono. "Na wewe? Mtoto wa mama yangu? Unataka nikutajie, wakati nimemzika wa mgongoni juzi?"

Hilo Wenceslaus hakulijua. Alishika ukingo wa meza, akalia mbele ya wachukuzi bila kujali.

Tekla aliinama. Kisha alichota mahindi yaliyomwagika chini ya gunia, akaanza kuyapanga mezani, punje moja moja, kila meko fungu lake. Hakutaja jina. Midomo ilikuwa inacheza, sauti haitoki. Mahali fulani mkono ulisita juu ya fungu dogo, ukarudi na punje yake. Alipomaliza aligeuka ukutani, na Wenceslaus akahesabu punje. Punje si watu, alijiambia. Punje si watu.

Bwana Pryce alibadili tarakimu, akailaza rula upya, akasukuma. Mara hii iliishia pembe ya juu. Safari zote Itundwe.

Magulya, sifuri.

Jumbe wa Magulya naye alikuwa ametaja meko, ila Magulya haikuwa na dada wa karani. Malori yaliondoka na Tekla juu ya magunia, na mawingu yakaanza kupanda upande wa Ulyankulu.

"Magulya si mbali kwa miguu," alisema Wenceslaus. Alisema polepole, maana alisikia anachosema: mizigo mabegani, kama ya babu.

Anselm, msimamizi wa wachukuzi, mtu mzima mwenye mvi, alicheka. "Karani, bega lako hilo limezoea kalamu."

"Najua, mzee."

"Baba yangu alikwenda pwani akiwa na mzigo, akarudi bila meno." Anselm alitema mate, akasokota ngata ya kuwekea mzigo. "Haya. Gawanyeni hayo magunia, hakuna anayebeba zima. Anayekuja aje."

Bwana Pryce aliikunja karatasi, akaiweka chini, akamtwika Wenceslaus mzigo wake kwa mikono yake miwili. Uzito ulimshuka mpaka magotini.

Waliifuata njia ya zamani ya wapagazi, mmoja nyuma ya mwingine, bila nyimbo. Mvua iliwakuta njiani, na walipofika mtoni chini ya Magulya maji yalikuwa yameshaanza kupanda, mekundu, yakibeba majani. Ng'ambo ya pili watu walikuwa wamesimama na vikapu vitupu vichwani kujikinga na mvua. Hawakuita wala hawakupunga mkono. Wenceslaus alivua viatu, akavifunga shingoni kwa kamba zake, akaingia. Maji yalimfika kiunoni kabla hajapata pa kukanyaga, na upande wa pili mwanamke mmoja alishusha kikapu chake kutoka kichwani, akaanza kuteremka.