Kidole Gumba cha Aulis

Mume wangu Aulis ana maoni. Wanawake wenzangu waume zao wana boti, wengine wana chupa, wangu ana maoni, na yote yanahusu kompyuta.

Anatumia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, tangu tulipokuwa wachumba, enzi ambazo mtu alilazimika kuiunga mwenyewe kipande kwa kipande na kuomba Mungu. Skrini yake ni nyeusi, ina maandishi ya kijani, na haina picha hata moja. Yeye huiandikia amri, nayo humjibu kwa adabu. Vile vipicha vya kubonyeza, kwa maoni yake, ni vya watu wanaoogopa maneno. Friji inayojua maziwa yamebaki kiasi gani ni mbea. Televisheni yetu ina jicho, basi amelibandika plasta ya kidonda. Na juu ya maoni yote liko lile kubwa, ambalo huwaambia hata wauzaji wa duka la simu wasiomuuliza: mashine inayokumbuka jambo ambalo hukuiomba ikumbuke ni mwizi.

Mimi ndiye ninayelipia maoni hayo. Kuchapisha picha moja ya mama yangu kulianza Pasaka kukaisha katikati ya kiangazi, na ilipotoka, mama alikuwa wa bluu. Sauti ya kompyuta ilipotea tangu majani yachipue. Nikilalamika huniambia, "Tatizo si Linux, Sirkka. Tatizo ni spika." Haya. Tatizo ni spika, ni printa, ni mtandao, ni dunia nzima. Linux haijawahi kukosea hata siku moja ndani ya nyumba hii.

Tena hakubali kitu bila kusoma masharti. Siku ya harusi yetu, mchungaji alipomuuliza kama ananikubali, Aulis aliomba kwanza aletewe sheria ya ndoa. Yote. Akasimama pale mbele ya madhabahu akaisoma, wageni wakatoka kwenda kunywa kahawa, wakarudi, wakatoka tena. Alipofika mwisho akauliza swali moja kuhusu mirathi, akajibiwa, ndipo akasema nakubali. Nilikuwa nimesimama muda wote huo na viatu vipya. Mama yangu, Impi, hakumsemesha mwaka mzima.

Sasa sikilizeni habari ya jiko.

Jengo letu hapa mjini Tampere lina sauna moja, chumba cha kuogea mvuke, chini kabisa, karibu na stoo za baiskeli. Kila flati ina zamu yake. Yetu ni Alhamisi saa moja jioni, na zamu hiyo ina umri mkubwa kuliko makochi yetu. Jiko la zamani lilikuwa chuma, mawe na swichi. Unawasha, unakaa, unamwagia mawe maji, mvuke unakukumba, unasahau matatizo yako. Hakuna anayezungumza. Hata mchungaji akiingia sauna hushusha sauti.

Vuli iliyopita Jyrki Pelttari, mwenyekiti wa kamati ya jengo, mtu mwenye saa inayomwambia apumue lini, akatuitisha mkutano akatangaza kwamba tumepata jiko janja.

"Lile la zamani lilikuwa na tatizo gani?" Aulis akauliza.

"Halikuwa na tatizo, jirani."

"Sasa?"

"Lilikuwa la zamani."

"Hata mimi ni wa zamani."

"Wewe tumekosa bajeti ya kukubadilisha."

Watu wakacheka, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye mikutano yetu, na jiko likapita. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Jiko lenyewe lilikuwa na kioo cha kugusa, kama cha simu, ukutani nje ya mlango. Mwenye flati alitakiwa kusoma masharti, kisha kuweka kidole gumba penye neno NAKUBALI. Majirani wote waliweka vidole. Hakuna aliyesoma hata mstari. Wiki ya kwanza jiko likaanza kuzungumza. Lilimwambia mjane Kyllikki wa ghorofa ya pili kwamba jasho lake liko chini ya wastani wa wanawake wa umri wake, ajitahidi. Lilimpongeza Jyrki kwa kupungua gramu mia mbili, na wakwe zake wakiwa benchi moja naye. Watu wakaanza kuingia sauna wamevaa kofia za sufu mpaka kwenye macho ili lisiwajue. Likawatambua kwa uzito wa makalio. Na hakuna aliyelalamika, kwa sababu ili kulalamika ingebidi kwanza majirani waongee.

Aulis peke yake hakuweka kidole. Alianza kusoma.

Masharti yale hayakuwa na mwisho. Alisoma asubuhi, alisoma akila uji, na kila alipokaribia mwisho kampuni ilitoa masharti mapya, naye akarudi mwanzo. Aliwaandikia kuuliza kwa nini jiko la sauna linahitaji kujua kura anampigia nani. Alijibiwa na mashine: "Tunathamini maoni yako." Akaijibu. Ikamjibu. Mpaka Novemba walikuwa wanaandikiana kila siku, na nasikitika kusema kwamba yule mashine alipata barua ndefu kuliko nilizowahi kupata mimi nikiwa mchumba.

Mimi nilijaribu kidole changu. Kikakataliwa, maana flati imeandikwa kwa jina la Aulis. Aliirithi kwa shangazi yake. Niliwahi kufikiria kumshika kidole akiwa amelala, lakini sauna iko chini na mume wangu si mwepesi. Jyrki, ambaye kwa kweli ni mtu mwema, akatuingiza kwa jina lake. Tulikuwa tumekaa tu, mawe yanaanza kupata moto, jiko likasema, "Nimetambua makalio yasiyosajiliwa," likazima. Cha kuazima hakisitiri matako, wahenga walisema. Sikujua walimaanisha hivi hasa.

Kisha Aulis akashuka na kompyuta yake na nyaya. Akaziunganisha kwenye jiko, akaandika maneno ya kijani Alhamisi nzima, mara nikamsikia anapiga kelele za furaha.

"Limenitii! Sirkka, njoo! Limenitii!"

Nikashuka na taulo langu. "Aulis, maji ya kwenye ndoo yameganda."

"Ndiyo, lakini limenitii mimi."

Nilirudi juu nikaoga bafuni, nikalia kidogo kwa hasira. Nilikuwa sijaota moto wa sauna tangu Oktoba.

Haya yote yangekuwa mchezo, kama si mama. Mwanzoni mwa Desemba moyo wake ulimwangusha jikoni kwake. Hospitali wakamruhusu aje kwetu kwa Krismasi, na daktari akaniita pembeni akaniambia kwa upole nisipange mambo ya mbali. Nikamuuliza kuhusu sauna. Akasema, akitaka, mpeni, ila isiwe kali sana. Sauna za mjini zinafungwa mkesha wa Krismasi, kila mtu yuko kwao. Kwa hiyo ilibaki ile ya chini.

Mama alikuwa anataka kitu kimoja tu. "Mimi nilizaliwa sauna, Krismasi," aliniambia. "Mama yangu alinizalia kwenye benchi, maji yalikuwa tayari ya moto. Hospitali wamenipangusa kwa kitambaa wiki mbili nzima, kama meza. Sitaki kuondoka duniani kama meza."

Nikamwendea Aulis. "Umesikia?"

"Nimesikia. Nitamaliza kusoma kabla ya Krismasi. Nakuahidi."

"Weka kidole tu, mume wangu. Dunia nzima imeweka."

"Ndiyo maana dunia iko hivi," akasema, na akasoma.

Lakini alisoma kama mtu anayekimbizwa, hilo nampa. Alikonda. Mkesha wa Krismasi, baada ya uji wa mchele, Jyrki akatutengea nusu saa ya saa tisa alasiri. Tukashuka. Mama kwenye kiti cha magurudumu, amejifunga gauni la kuogea na soksi za sufu, ameshika kifungu cha matawi ya mti wa mbetula, ya kujichapia saunani, tulichokitoa kwenye friza. Mjane Kyllikki alikuwa anatoka, amevaa kofia yake, uso mwekundu. Jyrki alisimama na taulo kusubiri zamu ya baada yetu. Aulis alikuwa mbele ya kioo, pua karibu iguse, anapitisha kurasa za mwisho.

"Bado kidogo," akasema. "Kifungu cha mwisho. Hiki ni cha lugha tu… sawa… sawa. Nimemaliza!"

Kyllikki akapiga makofi. Nami nilipiga. Aulis akanyanyua kidole, na kioo kikaandika: MASHARTI YETU YAMEBADILIKA. HERI YA KRISMASI.

Aulis alikaa chini kwenye ngazi, akavuta pumzi, akainuka tena, akarudi ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma kwa sauti. "Katika masharti haya, neno 'mtumiaji' lina maana ya…"

Nilitaka kumrukia. Wallahi ningempiga kwa taulo mbele ya mwenyekiti wa kamati. Lakini mama alinishika mkono.

"Aulis, mwanangu," akasema. "Unasoma nini?"

"Masharti, mama."

"Ya nini?"

"Ya kuingia hapo ndani."

"Mimi mara ya kwanza niliingia sauna bila kusoma chochote. Nilikuwa kichwa chini, tena uchi."

Jyrki akakohoa. Mama akaendelea, sauti yake ndogo, anahema. "Siku ya harusi yako ulinikera sana. Nikasema, huyu anamchagua binti yangu kama anavyochagua jokofu. Halafu nikaona miaka inapita, na kila ulichokisoma siku ile umekitimiza. Basi nikakusamehe. Soma, mwanangu. Nitasubiri. Ila baridi imenianza miguuni."

Aulis akaziangalia soksi za mama. Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona tangu nimjue. Alivua miwani. Bila miwani Aulis hajui hata mlango uko wapi. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa gauni, akapapasa ukuta mpaka akakipata kioo, akaweka kidole gumba.

"Nakubali," akasema, ingawa kioo hakikumtaka aseme.

Tukamwingiza mama, tukampandisha benchi la chini, mimi upande huu, Aulis upande ule. Mawe yakaanza kulia.

"Karibu, Aulis," likasema jiko. "Karibu, Sirkka. Mtu wa tatu anaitwa nani?"

"Impi," akasema mama. "Na wewe nyamaza."

Akachota maji kwa upawa, akalimwagia. Jiko likanyamaza kweli. Mvuke ukapanda, ukatushukia mabegani, mama akafumba macho. Nilikuwa nalia, lakini pale ndani machozi na jasho ni kitu kimoja, hakuna anayeulizwa.

Baadaye sana mama akasema, "Aulis. Yale masharti mapya yalisemaje?"

"Sijui, mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Mama akampiga mgongoni na yale matawi, polepole, mara nyingi. Kwetu, mwanamke wa umri ule akikuchapa hivyo, amekubusu.

Alifariki Februari, usingizini, katika shuka safi, ngozi yake inanukia mbetula. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoinusa mimi.

Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi tulishuka kwa sababu hatukujua la kufanya. Tukakaa. Jiko likasema kwa sauti yake ile ya tangazo la stesheni:

"Impi hajafika. Tumsubiri?"

Kwenye kioo kidogo cha ndani yakatokea maneno: NDIYO. HAPANA. MWONDOE.

Nikamgeukia Aulis, nikangoja aseme neno lake, mwizi, na lingekuwa limestahili. Tena alikuwa ameshajifunza njia ya kuingia ndani ya lile jiko kwa skrini yake nyeusi bila kugandisha kitu. Angeweza kufuta jina lile kabla hatujakauka. Aliinuka, akakisogelea kioo mpaka pua ikakigusa, akasoma yale maneno matatu kwa muda mrefu kama alivyosoma sheria ya ndoa. Akabonyeza NDIYO.

Jiko likangoja. Tukangoja nalo, kwenye benchi la vuguvugu, mpaka likachoka na kuanza kuwasha moto.

Ni hivyo kila Alhamisi. Linauliza, anabonyeza, tunasubiri, na zamu yetu imekuwa fupi. Juzi Jyrki alimkuta mlangoni akamwambia kwa huruma, "Mzee mwenzangu, nimesikia lile jiko linawasumbua na jina la marehemu. Nikuondolee? Ni kubonyeza tu."

"Liguse," Aulis akamjibu, "uone."