Baraza la Wakumbuzi wa Siha

Nchi ya Siha haikujengewa kuta ndefu, kwani wenyeji wake waliitakidi kwamba adui akishajulikana amekwisha kuwa nusu adui. Ada yao ilikuwa hii: askari aliyemshinda adui hapewi shamba wala cheo, bali huketishwa kwenye baraza ya Lango la Koo, akalishwa na kuvishwa, na kazi yake ikawa moja tu hadi kufa, kumkumbuka adui yule, ili akirudi, hata akiwa amejitanda shela la bi harusi, apigiwe yowe kabla hajavua viatu. Watu hao waliitwa Wakumbuzi.

Mkuu wao, Ghururi, alimshinda Kichomi ujanani, na hapakuwa na harusi wala matanga ambako hakukisimulia kisa hicho. Bintiye mdogo, Tunu, alikihifadhi neno kwa neno kwa mapenzi. Majirani nao walikihifadhi, ila kwa shuruti.

Siku moja nchi jirani ya Hadhari ilileta hidaya: Surua, adui asiyewahi kufika Siha, amefungwa kamba, amedhoofishwa, hana jino hata moja, ili Wakumbuzi wamtazame wamjue.

"Shujaa afunzwe na mahabusi?" alicheka Ghururi. "Mrudisheni alikotoka."

"Baba Tunu, kumtazama tu kutakugharimu nini?" aliuliza mkewe, Busara.

"Hadhi yangu, mke wangu."

Haukupita muda, Surua asiyefungwa akaja mwenyewe. Hakushughulika na ghala wala hazina. Aliwaparamia Wakumbuzi kwanza. Nchi ikashikwa na homa, kuta zikatoka vipele vyekundu, Wakumbuzi wakafa wengi, na waliosalia, Ghururi akiwemo, vichwa vyao vilifutika maadui wote wa zamani, vikabaki vitupu kama sahani iliyooshwa. Mwishowe Surua alifukuzwa. Baraza ikajazwa askari vijana waliomjua Surua hata kwa kivuli chake, wala hawamjui mwingine. Sisi watu wa Siha ndivyo tulivyo: tukishauzima moto, tunasifiana kwa maji tuliyomwaga na hatuulizi kilichoungua. Zikapigwa ngoma, na Ghururi akacheza mbele kuliko wote.

Kichomi akaja mchana kweupe, bila hata kujibadili sura; waliokihifadhi kisa chake hawakuwahi kuiona sura hiyo.

"Hodi," alisema kwa hofu, maana yeye alikikumbuka kipigo.

"Karibu, bwana! Mgeni njoo, mwenyeji apone," alijibu Ghururi, akampa chumba nyumbani kwake, mtaa wa Mapafu, pembeni mwa chumba cha Tunu.

Muda si muda Tunu akawa anaipigania kila pumzi. Askari walilazimika kujifunza upya vita waliyokwisha kuishinda, na walipomtia Kichomi nguvuni, mtoto alikuwa hoi kitandani.

Kadhi Insafu aliwasimamisha Kichomi na Ghururi mbele yake. "Ghururi, wamjua mtu huyu?"

"Wallahi simjui."

Watu wakaangua kicheko, kisha wakaona haya.

"Mimi namjua," alisema Kichomi kwa adabu. "Alinivunja mbavu langoni pale. Nilipomwona ananitandikia kitanda, nilidhani ni mtego."

Ghururi alimkodolea macho, akajitafuta kichwani, asikute kitu. "Mheshimiwa Kadhi," alisema, "nimeutangaza ushujaa wangu mpaka nchi nzima inaukumbuka isipokuwa mimi. Nilikataa kumtazama mfungwa nikichunga hadhi, na hadhi yenyewe ndiyo hii mnayoicheka. Mna haki, ningekuwa huko nyuma mlikosimama ningecheka zaidi yenu. Nihukumu, ila nihukumu upesi, mwanangu anakohoa."

Kadhi akahukumu kwamba kila nchi changa ioneshwe mfungwa wa Hadhari kabla Surua mwenyewe hajabisha hodi, na kwamba Ghururi aketi na makuruta, afundishwe adui mmoja mmoja kama aliyezaliwa jana.

Ghururi alikwenda mbio nyumbani. Busara alimpisha kando ya kitanda.

"Baba," alinong'ona Tunu, "nisimulie ulivyompiga Kichomi."

Ghururi aliketi kando yake. "Sikijui kisa hicho, mwanangu."

Tunu alivuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine. "Basi nitakusimulia mimi. Ulikuwa umesimama langoni..."

Kikohozi kikamkatiza. Ghururi akamshika mkono, akimsihi anyamaze, naye moyoni akitamani mno kujua kilichofuata.