Mmiliki wa Faili

Kabla ya saa sita mchana, mashine pepe ilitakiwa iwe imewaka mbele ya mkurugenzi wa hospitali. Hiyo ni kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya seva, na humo ndimo mafaili ya zamani ya wagonjwa yangehamishiwa. Ambaye angeiwasha ndiye angekuwa mkuu wa kitengo. Fundi alikuwa ameisubiri nafasi hiyo miaka tisa, akiwatumikia wakuu watatu ambao hata kebo hawakuchomeka bila kumuuliza yeye.

Jana jioni aliijaribu, ikawaka bila kinyongo. Leo saa nne alianza kuisakinisha rasmi, na skrini ikamjibu kwa maneno mawili: ruhusa imekataliwa.

Akalitazama faili la mashine. Jana lilikuwa lake. Leo mmiliki wake alikuwa shemeji.

Huyu shemeji, mume wa mdogo wake, ni yeye Fundi aliyemwombea kazi hapo. Alikuja hajui hata kunakili folda, Fundi akamfundisha hatua kwa hatua, mpaka naye akaitwa mtaalamu. Mama yao alipolazwa, Fundi alikwenda kumuuguza wiki mbili, akamwachia shemeji nywila kuu, ile inayofungua kila mlango wa seva. Aliporudi hakuidai. Utamdaije shemeji? Kumdai ni kumwambia humwamini, na maneno ya aina hiyo hayaishii ofisini, yanafika mpaka kwa mama kitandani. Kwa hiyo alinyamaza, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Akampigia simu. "Shemeji, faili la mashine limehamia kwenye akaunti yako. Nirudishie ruhusa, muda unaniishia."

"Sawa shemeji, nipo kikaoni. Nakuja sasa hivi."

Sasa hivi hiyo ikaota mvi. Fundi alijaribu kulinakili faili, akakataliwa. Akajaribu kulihamisha, akakataliwa. Akapiga simu mara nne, ikaita mpaka ikachoka. Hasira zikampanda, lakini hasira hazina nywila.

Saa sita kasoro dakika tano mkurugenzi aliingia, shemeji nyuma yake, wote wawili wakimalizia kicheko walichotoka nacho huko.

"Bado?" mkurugenzi akauliza.

"Ni ruhusa ya faili, mzee. Nilikuwa namsubiri..."

"Niachie, shemeji," yule akasema, kwa upole wa mtu anayempisha mgonjwa. Akavuta kibodi, akaandika mstari mmoja. Mashine ikawaka.

"Kumbe jambo la dakika moja," mkurugenzi akasema, akampa shemeji mkono.

Walipotoka, Fundi aliiuliza seva faili lile lilibadilishwa mmiliki lini. Leo, saa moja na dakika arobaini asubuhi, kwa nywila kuu. Ushahidi alikuwa nao, wa kumpelekea hakumpata. Angemshtaki mtu anayekula sahani moja na mdogo wake, halafu Jumapili akakae naye sebule gani?

Simu ikalia. Ni mdogo wake, furaha imemjaa mpaka maneno yanagongana.

"Dada, amepata ukuu. Anasema yote anayoyajua umemfundisha wewe."

"Ni kweli, mdogo wangu. Hata la leo nilimfundisha mimi."

"Mungu akuzidishie, dada," mdogo wake akasema, na alikuwa anamaanisha.