Mgongo kwa Picha

Mimi mkaidi, sikatai. Nilipostaafu ualimu nilikataa kukaa nyumbani kuitolea macho runinga, nikaenda kujitolea kuwatembeza wageni kwenye jumba la sanaa. Baadaye macho yakaanza kunisaliti. Sikumwambia mtu. Picha za ukumbi wa pili zote nilikuwa nazo kichwani, na utaratibu wetu ulinibeba: mwelekezi humpa mgeni uso, picha huipa mgongo.

Binti yangu alinusa kitu. "Mama, nikigundua huoni vizuri, hiyo kazi basi," alinionya. Leo kaja mwenyewe, kanunua tiketi kama mtu baki, kajichanganya na wageni. "Shikamoo mama," akasema, nikamtambua kwa sauti tu.

Nikasimama mahali pangu, pale ubao wa sakafu unapolia. "Mtazameni huyu mshonaji," nikaanza, mkono nimeuelekeza nyuma. "Ameinamia cherehani, mwanga wa dirisha umemwangukia begani, na huu uzi mwekundu..."

Mtu akakohoa. Bwana mmoja akauliza kwa upole, "Samahani mama, cherehani iko wapi?"

Nikageuka. Niliona kijani kilichovurugika, basi. Asubuhi niliipita karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa ukumbi, nikajisemea hawa nao kwa kubandika matangazo hawajambo. Kumbe walikuwa wamebadilisha picha. Nyuma ya wageni nikasikia viatu vya msimamizi wetu, vile vyake vya kugonga, vinasimama.

Ndipo harufu ya mafuta ya nywele ya mwanangu ikanijia ubavuni. "Mbuzi wawili," akaninong'oneza. "Mto. Mwanamke kabeba kuni."

"Nilikuwa nawapima kama mko macho," nikawaambia wageni. Wakacheka. Nikawasimulia mbuzi, nikawasimulia mto, sauti haikutetemeka hata kidogo. Sikupiga kelele darasani miaka yote ile bure. Viatu vya msimamizi vikaenda zake. Mwanangu akaendelea kuninong'oneza, picha hadi picha, na kila neno lake lilinichoma, maana alikuwa ananiokoa na kunimaliza kwa mkupuo mmoja.

Wageni walipotawanyika, akanishika mkono, akanikalisha kwenye benchi. Sikumpa nafasi. "Usinianze. Nilichanganya tu."

"Sawa," akasema. "Gauni langu leo rangi gani?"

Nilimtazama. Alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Huyu nimemzaa mimi, nimemchagulia nguo mpaka alipoolewa. "Bluu," nikasema, kwa sababu bluu ndiyo anayoipenda.

Nilimsikia anavuta kamasi, anajitahidi nisimsikie. Nikaifungua beji ya kazi kifuani mwangu, nikamwekea kiganjani.