Mdhamini wa Silasi

Mabruki alikuwa fundi seremala wa miaka hamsini na saba, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba aliyoachiwa na baba yake, Tabora mjini. Mwezi wa Machi mashine yake ya kuranda mbao iliungua. Fundi umeme aliifungua, akainusa, akaifunga tena, akasema haitengenezeki. Na Mabruki alikuwa ameshakubali kazi ya milango ishirini na miwili ya nyumba ya wageni, kazi kubwa kuliko zote alizopata tangu mwaka uanze.

Akaenda benki kuomba milioni tatu. Afisa mikopo alimpokea vizuri, akaingiza jina lake kwenye kompyuta, kisha akamgeukia.

"Mzee wangu, jina lako lina doa."

"Doa gani? Mimi sijawahi kukopa hata siku moja."

"Hukukopa. Ulidhamini."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Miaka minne nyuma alimdhamini Silasi, mkulima wa tumbaku wa Ipole, ambaye kabla ya hapo alikuwa akimletea mbao za mninga kwa miaka kumi na mitano. Silasi akija mjini alikuwa analala kwa Mabruki, na Mabruki akienda Ipole alikuwa anarudi na dumu la asali kutoka kwa mke wa Silasi, Getruda. Silasi alikopa milioni sita. Msimu ule mvua ya mawe ikaichana tumbaku yote shambani. Benki ikachota akiba ya Mabruki, milioni moja na laki nane. Tangu siku hiyo Mabruki aliifungia namba ya Silasi, asimsikie tena.

Benki ya pili ilimpa jibu lile lile. Ya tatu haikufika hata kwenye jina. Ilitaka hati ya mshahara.

Ndipo alipokwenda kwenye ofisi moja ya mikopo ya haraka, chumba kimoja chenye kiyoyozi na viti vipya. Mama aliyemhudumia alikuwa mpole kweli. Milioni tatu angezipata siku hiyo hiyo. Riba ilikuwa asilimia thelathini kwa mwezi. Kwa dhamana, asaini karatasi inayosema kwamba nyumba yake ameshaiuza.

"Ni utaratibu tu," yule mama alisema. "Ukimaliza deni tunaichana."

Akampa karatasi akazisome hadi Ijumaa.

Mke wake, Maua, alizisoma mara mbili, akavua miwani. "Umeiuza nyumba, Baba Shamila. Hapa umeshaiuza."

"Wamesema wanaichana."

"Wameandika wapi kwamba wanaichana?"

Mabruki aliinuka akaenda kukaa karakanani, kati ya mbao ambazo hazijaguswa. Alijua watu waliokopa mikopo ile. Watu wenyewe waliiita kausha damu. Lakini hasira yake haikuwaelekea wale wakopeshaji. Ilimwelekea Silasi. Kama si Silasi, angekuwa na akiba yake, na jina lake lingekuwa safi. Akaamua kwenda Ipole kudai haki yake, ana kwa ana.

Jumatano asubuhi alipanda basi la kupitia Sikonge, akashuka Ipole, akachukua bodaboda hadi kwa Silasi. Alikuta nyumba imefagiliwa na bani la kukaushia tumbaku limeanguka upande mmoja. Msichana mkubwa alikuwa anachuja asali kwenye ndoo. Alikuwa Julieth, bintiye Silasi.

"Shikamoo," alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Baba yupo?"

"Yuko kwenye mizinga. Anarudi."

"Na mama yako?"

Julieth aliacha kuchuja. "Mama tulimzika mwaka juzi, mwezi wa nane."

Mabruki alishika nguzo ya baraza. Aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakuambiwa.

"Uliambiwa," Julieth alisema. "Baba alipoona simu yako haiingii, alimwagiza kondakta wa basi aje kwako, akuambie mazishi ni kesho yake. Tulikusubiri mpaka saa tisa. Padri akasema hatuwezi kusubiri zaidi."

Hapo akakumbuka. Kondakta alikuwa amesimama mlangoni pa karakana, akasema ana salamu kutoka kwa Silasi wa Ipole. Naye, bila kuinua macho kutoka kwenye randa, alimjibu: "Rudi nazo huko huko." Yule mtu akajaribu kusema neno jingine. Mabruki akawasha mashine.

Silasi alipofika alikuwa amekonda, nguo zake zikinuka moshi wa kufukuzia nyuki. Alimwona mgeni wake, akasimama. Mabruki alikuwa amepanga maneno ya kusema tangu Tabora, lakini aliyoyasema yalikuwa mengine.

"Nimesikia leo, Silasi," alisema. "Wallahi, nimesikia leo. Yule mtu hakufika hata kusema. Nilimfukuza."

Silasi aliketi kwenye gogo. Akafuta mikono yake taratibu kwenye suruali. "Aliniambia," alisema. "Nilidhani labda umeelewa, ukakataa tu kuja."

"Nisingekataa. Kwa Getruda, nisingekataa."

"Basi vizuri nimejua."

Walikwenda kaburini pamoja, nyuma ya shamba. Msalaba ulikuwa wa miti miwili iliyofungwa kwa kamba. Mabruki alilia pale, na Silasi alimwacha alie.

Waliporudi, Silasi alitoa mfuko wa nailoni wenye risiti za benki. Alikuwa analipa kila mara alipouza asali: elfu sitini, laki moja, elfu arobaini. Miaka mitatu. Zilikuwa zimebaki laki tatu na ishirini. "Nikimaliza ya benki, nitaanza ya kwako," alisema. "Sikuwa na njia ya kukuambia."

Mabruki alimwonyesha zile karatasi za nyumba. Silasi alizisoma, akazirudisha haraka. "Usisaini hizi. Njoo Jumamosi kwenye chama chetu."

Kilikuwa chama cha kuweka na kukopa cha wafuga nyuki, watu hamsini na kitu, Waislamu na Wakristo. Mwenyekiti wao, Bi Flavia, alikuwa mwanamke mnene asiyecheka ovyo. Mabruki alifika Jumamosi akiwa amebeba msalaba wa mninga alioupiga randa kwa mkono kwa siku mbili. Aliuacha kwanza kwa Silasi, ndipo wakaingia mkutanoni.

"Riba yenu ni kiasi gani?" aliuliza.

"Hakuna riba. Kila mkopo una ada ya ofisi, elfu thelathini, imeandikwa pale ukutani. Haiongezeki ukichelewa. Ukichelewa tunakuja kwako kukuuliza una tatizo gani." Bi Flavia alifungua daftari. "Benki wanasemaje juu yako?"

Mabruki alifungua mdomo ajieleze. Silasi akasimama.

"Doa lililo kwenye jina lake ni langu," aliwaambia wote. "Huyu alinidhamini, nikaanguka naye. Mnaonijua mnajua ninalipa. Msimhesabie yeye."

Mzee mmoja, Ngollo, aliuliza kama fundi anaweza kutengeneza mizinga ya kisasa. Mabruki akasema anaweza. Lakini Bi Flavia hakulegeza sheria: mwanachama mpya huweka akiba miezi mitatu kwanza, na hukopa mara tatu ya akiba yake, si zaidi.

Miezi mitatu ilikuwa mingi mno kwa milango ya nyumba ya wageni. Mabruki aliirudisha kazi ile, na mwenye nayo akampa fundi mwingine. Iliuma. Ijumaa ya kurudisha zile karatasi za mkopo ilikuwa imeshapita bila yeye kwenda. Alizipeleka Jumatatu zikiwa hazijasainiwa, na yule mama mpole hakumkaribisha kiti.

Miezi ile alitengeneza mizinga kwa randa la mkono, binti yake Shamila akipiga misumari baada ya kazi yake ya dukani, na nusu ya kila malipo aliiweka chamani. Mwezi wa Julai alikopeshwa milioni moja na nusu. Haikutosha mashine mpya. Alinunua iliyotumika, inayopiga kelele kama trekta, lakini inaranda. Marejesho yake hayakuwahi kumkosesha usingizi.

Mwezi wa Oktoba Silasi alimaliza deni, na benki ikatoa barua ya kulisafisha jina la Mabruki. Walikwenda kuichukua pamoja.

Siku aliyopeleka mizinga ya mwisho Ipole, Mabruki alimsubiri Julieth amalize kuipokea, kisha akamwomba radhi, kwa maneno machache.

"Baba amekusamehe," Julieth alisema, akiendelea kuhesabu mizinga. "Mimi bado."

"Nakuelewa, mwanangu."

"Lakini uje," aliongeza. "Mwakani mwezi wa nane kuna misa ya kumkumbuka mama. Safari hii uje."